Maarifa ya Motokaa: Injini Isiyotulia
Motokaa kuukuu yenye kabureta mara nyingi huwa na ugonjwa mmoja: ikiwa njiani huenda vyema, lakini isimamapo injini hupanda na kushuka, hutetemeka, na pengine huzimika. Watu wengi hutwaa bisibisi na kukaza skrubu ya kabureta mpaka injini ingurume kwa nguvu zaidi. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Dereva aondoapo mguu katika kikanyagio cha mafuta, kilango cha kabureta karibu hufungika kabisa, na injini huvuta hewa kidogo sana. Basi hewa ipenyayo katika ufa mdogo huwa nyingi kwake, nayo huharibu mchanganyiko wa petroli. Gari likienda kasi injini huvuta hewa tele, na ile ya ufa haitambulikani tena.

Mfano ni Peugeot 404, motokaa iliyoshinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwenye gari la namna hiyo na aanze kwa moto wa umeme: asafishe plagi, apime na pointi kama kitabu cha gari kisemavyo. Kisha aiache injini ingurume mpaka ipate joto, naye anyunyize maji kidogo penye mabomba ya mpira na penye viungo vya kabureta, akijihadhari na feni na nyaya za plagi. Ngurumo ikibadilika mara maji yagusapo mahali, hapo ndipo hewa iingiapo. Asijaribu kamwe kwa petroli, maana yaweza kuwaka. Tena kazi hii ifanywe nje; moshi wa injini katika banda lililofungwa huua.

Liko bomba moja lipasalo kuangaliwa kuliko yote. Katika magari ambayo breki husaidiwa na mvuto wa injini, bomba nene la mpira hutoka kwenye injini kwenda katika chombo cha breki. Likipasuka, injini hutetemeka, na breki nazo hupoteza msaada wake. Dereva ateremkaye Bonde la Ufa na mzigo wa viazi atazikuta nzito wakati azihitajipo sana. Kwa hiyo atuliza injini kwa bisibisi tu huenda amenyamazisha onyo.

Skrubu ya kabureta huja mwisho. Na hapo ikumbukwe kwamba hewa ya nchi za juu ni nyepesi: gari lililorekebishwa Mombasa, likifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hupata petroli nyingi kuliko hewa, na huweza kutoa moshi mweusi.

Fundi ashaurie kununua kabureta mpya na aulizwe kwanza kama mabomba yamekwisha kuangaliwa. Bomba la mpira ni la bei ndogo. Kabureta ni ya bei kubwa, wala haizibi ufa.