Kilatini kwa Mtoto wa Engaresero

Kila inapotajwa haja ya vyuo vikuu vyetu kufundisha fasihi na historia ya Wagiriki na Warumi wa kale, hujitokeza swali moja lililokwisha kujitangazia ushindi: mtoto wa mfugaji kutoka Engaresero atanufaika nini na Kilatini? Mwulizaji hangoji jibu. Hutabasamu, wenzake hucheka, na ajenda inayofuata huitwa. Nimelisikia swali hilo katika vikao vya mitaala, katika makongamano ya wanafunzi na vinywani mwa watumishi wa umma ninaowaheshimu. Naomba leo tulijibu, tena tukianzia hapo hapo Engaresero.

Kijiji hicho cha wilaya ya Ngorongoro kipo kusini mwa Ziwa Natron, karibu na Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Katika majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe zimehifadhika nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizokanyagwa wakati fulani kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Watafiti waliozipima walieleza mwaka 2020 kwamba sehemu ya nyayo hizo ni za watu 17 waliotembea pamoja, na kwamba yumkini 14 kati yao walikuwa wanawake wazima. Kusini zaidi, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yapo magofu ya Engaruka, ambako wakulima walijenga mifereji na matuta ya mawe ya kumwagilia mashamba karne kadhaa kabla ya Mjerumani kufika. Basi anayedhani kwamba nawatetea Warumi kwa kuwa naamini sisi hatukuwa na kitu, amebisha hodi nyumba isiyo yake.

Wapo wanaosema kwamba elimu hii ni mabaki ya ukoloni. Hoja yao ina uzito, kwa sababu wakoloni walisomeshwa vitabu hivyo na wakavitumia kujipa cheo cha warithi wa Roma. Aristotle aliandika kwamba wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa kwa maumbile yao, na karne nyingi baadaye maneno hayo yalitumiwa kuhalalisha minyororo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumsoma. Mshtakiwa asiyesoma hati ya mashtaka hujitetea gizani.

Isitoshe, nani alisema urithi huo ni mali ya Ulaya peke yake? Terentius, mmoja wa watunzi wakubwa wa tamthilia za Kilatini, alitoka Afrika Kaskazini akiwa mtumwa. Apuleius na Augustino walizaliwa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unaitaja pwani yetu kwa jina la Azania, unataja soko la Rhapta, mashua zilizoshonwa kwa kamba, pembe za ndovu na magamba ya kasa. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayotuhusu, na tunayasoma kwa tafsiri za Kiingereza kwa kuwa hatukumwandaa mtu wetu kuyasoma yenyewe. Huo ndio ukoloni mamboleo, na unatokana na kutojua Kigiriki.

Wengine huleta hoja ya soko la ajira: mikopo ni michache, taifa lina vipaumbele, tunataka wahandisi. Nami nawataka wahandisi. Ila taifa haliendeshwi kwa mabomba na nyaya tu. Linaendeshwa na watu wanaoamua nani abaki wapi, nani ahame, na kwa sababu gani. Watu hao ni maofisa ardhi, wakuu wa wilaya, mahakimu na wabunge. Tuwaulize wamesoma nini.

Mwaka 133 KK, Tiberius Gracchus, mtetezi wa raia huko Roma, alipeleka sheria ya kuwazuia matajiri kushikilia ardhi ya umma kupita kiwango cha jugera 500, yaani takriban hekta 125, ili ziada wagawiwe maskini. Plutarch anasimulia kwamba katika kuitetea sheria hiyo alilalamika kuwa wanyama wa porini wa Italia wana mapango ya kulala, ilhali wanaume wanaoifia Italia hawana pa kulaza wake na watoto wao. Maseneta na wafuasi wao walimpiga hadi kufa, pamoja na wenzake wapatao 300, na maiti zikatupwa mtoni.

Msome maneno hayo ukiwa Ngorongoro, halafu uniambie kwamba hayakuhusu. Sheria zetu mbili za ardhi za mwaka 1999 zinatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Katika wilaya hii, tangu Wamaasai walipoondolewa Serengeti na eneo la hifadhi ya Ngorongoro kuanzishwa mwaka 1959, hadi mipaka iliyowekwa Loliondo mwaka 2022 na familia zilizohamia Msomera, Handeni, swali limekuwa lile lile: umma ni nani, na mnyama ana haki gani mbele ya mtu? Serikali husema uhamaji wa kwenda Msomera ni wa hiari. Wapo wakazi wanaoukataa na kusema hiari hiyo ina mkono nyuma yake. Gracchus hatatuamulia kesi hii. Anachotupa ni kipimo cha umbali: tunaweza kulijadili jambo letu kwa mfano wa watu ambao hakuna kati yetu anayewaogopa.

Anayeona Plutarch ni mgeni aende maktaba. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963, alifasiri kazi ambayo Shakespeare aliijenga juu ya Plutarch. Mwasisi wa taifa hili, akiwa na nchi changa mikononi, aliona inafaa raia wake wasome kwa Kiswahili jinsi jamhuri inavyoweza kufa. Samuel Mushi naye alitupatia Mfalme Edipode wa Sophocles. Waliofuata wakaamua kwamba jambo hilo ni anasa.

Kisha yupo Virgil. Baada ya vita vya Philippi vya mwaka 42 KK, mashamba ya Italia yalinyang'anywa na kupewa askari waliostaafu. Katika shairi lake la kwanza la wachungaji wanakutana wafugaji wawili. Mmoja amekwenda Roma, amemwona mkubwa, ameruhusiwa kubaki. Mwenzake anaswaga mbuzi kwenda asikokujua, na mmoja wa mbuzi hao amezaa pacha juu ya mwamba mtupu na kuwaacha hapo. Aliyebaki hana la kumpa isipokuwa malazi ya usiku mmoja, matunda na jibini. Nani Tanzania atalielewa shairi hilo kuliko kijana aliyekulia kwenye boma? Mhadhiri wa Oxford atamfafanulia vina na mizani. Yeye atamfafanulia mhadhiri maana ya kumwacha mwana-mbuzi njiani.

Nawapinga pia wale wanaoitaka elimu hii kama pambo la wateule. Hastings Banda alifungua Kamuzu Academy huko Malawi mwaka 1981, Kilatini kikawa cha lazima na walimu wakaagizwa kutoka Uingereza, katika nchi ambayo watoto wengi walisomea chini ya miti. Hiyo ilikuwa tai ya shingoni. Sitaki tai.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Chuo kikuu kimoja cha umma kianzishe masomo ya ulimwengu wa kale ambamo Engaresero, Engaruka, Kilwa, Aksum, Athens na Roma vitakaa meza moja. Lugha ya kufundishia iwe Kiswahili. Tuwaajiri wanaojua Kilatini, ambao seminari zetu zimekuwa zikiwafunza kwa vizazi, na tupeleke vijana wachache kujifunza Kigiriki kwa kiwango cha kufasiri moja kwa moja. Legon na Ibadan wanafundisha masomo haya miaka yote, na hakuna aliyewaambia wamepoteza Uafrika wao.

Mtoto wa mfugaji wa Engaresero atanufaika nini na Kilatini? Hilo swali halijawahi kuulizwa kuhusu mtoto wa waziri. Tunaliuliza kuhusu mtoto wa boma kwa sababu tumekwisha kumpangia nafasi: aongoze watalii kuelekea kwenye nyayo, awaoneshe, apokee bakshishi, anyamaze. Siku atakapomsoma Gracchus hatanyamaza, na nadhani wanaocheka vikaoni wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyokiri.