Gofu Haianzi na Fimbo, Inaanza na Mgongo

Tuambiane ukweli. Ukitaja gofu sokoni Ndithini, watu wanaona picha moja tu: mzee mwenye kitambi, kofia nyeupe, gari kubwa, na kijana nyuma yake amebeba mkoba. Mchezo wa mabwenyenye. Na wale vijana wachache walioamua kuupenda wanadhani mlango wa kuingilia ni fimbo. Msee anajinyima miezi, anaweka pesa za boda na za kibarua, ananunua fimbo za mtumba, halafu akifika shimo la kumi na mbili mgongo unalia na miguu imekufa.

Msimamo wangu ni huu. Kijana, kabla ya kununua fimbo, tengeneza mwili. Na nyinyi wenye klabu na kaunti, kabla ya kutuambia gofu ni ya kila mtu, tuonyesheni pa kuutumia huo mwili.

Kwani gofu inahitaji mazoezi? Sana. Raundi ya mashimo 18 ukitembea inakula saa nne au zaidi, na unaweza kumaliza kilomita saba au nane juani, kupanda na kushuka. Kanuni zinaruhusu fimbo hadi 14, na mtu lazima aubebe huo mkoba. Halafu kuna pigo lenyewe. Linaisha chini ya sekunde mbili, lakini ndani ya hizo sekunde mwili mzima unajisokota na kujifungua kama kamba iliyokazwa.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani nguvu iko mikononi, tunajaza misuli ya kupigia picha. Nguvu ya pigo inaanza kwa nyayo, inapanda miguuni, inapita kwa makalio na nyonga, inafika tumboni na mabegani, na mikono ndiyo inayopokea mwisho. Nyonga zikiwa ngumu kama ubao, uti wa mgongo wa chini unalazimika kufanya kazi isiyo yake. Ndiyo maana maumivu ya mgongo wa chini ni mgeni asiyeondoka katika klabu za gofu, kwa wazee na kwa vijana.

Wakubwa wa mchezo huu walijua mapema. Gary Player wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1935, alikuwa akinyanyua vyuma wakati wenzake wakisema vyuma vinaharibu pigo. Alishinda mashindano makuu tisa. Tiger Woods alikuja akashinda Masters ya 1997 kwa tofauti ya mapigo 12, na baada yake jimu ikawa kitu cha kawaida kwa mcheza gofu. Lakini huyo huyo Tiger amefanyiwa upasuaji wa mgongo zaidi ya mara moja. Mwaka 2017 alipasuliwa tena, na 2019 akarudi kushinda Masters. Kwa hivyo somo si kujiua na vyuma. Mgongo ndio mtaji wako, na mtaji unalindwa.

Sasa turudi nyumbani. Machakos haijawahi kukosa miili. Cosmas Ndeti alishinda mbio za Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011, saa 2:03:38. Wote ni watoto wa Machakos.

Na kuna matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro kwenye mteremko, udongo unautupa upande wa juu. Mtindo huu ulienea sana Machakos, hadi vitabu vya kilimo vya Kiingereza vinaliandika jina lake kwa Kiswahili. Angalia mtu anayeufanya vizuri: miguu imekanyaga imara, magoti yamekunjwa kidogo, kiuno kinageuka, mikono inafuata. Ni karibu kabisa na kile ambacho makocha wa gofu hulipwa kufundisha. Binti anayepanda mlima na mtungi mgongoni naye ana miguu ambayo watu wa mjini wanalipia jimu kuitafuta.

Lakini tusijidanganye kwamba shamba ni jimu. Kazi ya shamba inachosha mwili upande mmoja. Unainama na mgongo uliopinda saa nzima, unatupa udongo kwa bega lile lile kila siku. Gofu nayo ni ya upande mmoja. Ukiongeza hii juu ya ile bila kusawazisha, unaumia. Mazoezi ni ya kurekebisha hilo, na hayahitaji pesa. Nusu saa, siku tatu kwa wiki, uwanja wowote wa shule.

Kwanza, lainisha nyonga na mgongo wa juu. Piga goti moja chini, sukuma kiuno mbele polepole, badilisha mguu. Pili, chuchumaa na uinuke mara kumi na mbili, raundi tatu, visigino visitoke ardhini. Tatu, lala chali, kunja magoti, inua makalio, shikilia. Nne, lala kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama mbao, sekunde 30. Tano, shika mtungi wa lita tano uliojaa maji, simama kama unayetaka kupiga mpira, geuka kulia na kushoto kwa kiuno. Pande zote mbili, hata ule usioupigia. Sita, simama kwa mguu mmoja ukiwa umefumba macho. Utacheka mara ya kwanza, lakini bila usawa hakuna pigo linalonyooka. Siku zinazobaki, tembea haraka. Kitu kikikuchoma mgongoni, acha, ukamwone daktari. Usijifanye ngangari.

Mtu atasema, sawa, mwili ninao, lakini sijui kupiga. Kweli. Misuli bila ufundi itapeleka mpira kichakani kwa kasi zaidi. Ila ufundi unafundishika haraka kwa mwili ulio tayari, na kocha akikwambia geuza nyonga, angalau ziwe zinageuka.

Swali gumu ni hili lingine. Kenya Open imekuwepo tangu 1967. Tangu 2019 iko kwenye ziara kuu ya Ulaya, na kila mwaka tunawaona wageni wanakuja na wataalamu wao wa viungo. Huku kedi wetu, kijana anayejua kila mteremko wa uwanja, anabeba mkoba kwa bega moja miaka kumi bila mtu kumfundisha hata kunyoosha mgongo. Kisha tunauliza kwa nini bendera ya Kenya haikai juu ya ubao wa matokeo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kijana wa Ndithini hana pa kuchezea kwao. Ni lazima apande matatu hadi Thika au Machakos mjini, na huko atapokelewa kama mbebaji kwanza. Klabu zifungue jimu zao kwa makedi asubuhi moja kwa wiki na kuwapa kocha wa viungo. Kaunti itenge kipande cha nyasi Masinga, hata cha kupigia mipira tu. Hayo si maombi makubwa.

Sisi upande wetu tuanze leo jioni. Mtungi uko nyumbani.