Shule ndogo ya kijijini, wenzake wako ng'ambo ya pili

Fikiria mtoto wako yuko darasa la nne, na katika shule nzima wa darasa la nne wako wawili tu. Wakigombana, hana mwingine wa kushindana naye hesabu wala wa kucheza naye wakati wa mapumziko. Shule ndogo za vijijini duniani kote zina tatizo hili, na mara nyingi wazazi hubaki na machaguo mawili machungu: shule ifungwe watoto wapelekwe mbali, au ibaki na watoto wakose wenzao.

Jimbo la Quebec, nchini Kanada, lilitafuta njia ya tatu. Vijana walikuwa wakihamia mijini, watoto vijijini wakapungua, na mwalimu mmoja akajikuta anafundisha madarasa mawili au matatu katika chumba kimoja. Kuifunga shule kulimaanisha mtoto mdogo kupanda basi kila siku kwenye baridi kali kwenda kusoma mji mwingine. Tena kijiji kikikosa shule, familia changa nazo hufungasha virago.

Mwaka 2002 ukaanza mradi unaoitwa kwa Kifaransa École éloignée en réseau, yaani shule za mbali zilizounganishwa kwa mtandao. Miongoni mwa waliouongoza kitaalamu ni Profesa Thérèse Laferrière wa Chuo Kikuu cha Laval. Kipindi hichohicho serikali ya jimbo ilikuwa na mpango wa kupeleka nyaya za intaneti yenye kasi kwenye shule na ofisi za vijiji. Bila hilo, mengine yote yangekuwa ndoto.

Mwalimu yupo palepale

Jambo la kwanza la kuelewa, mzazi, ni kwamba mtoto hakuwekwa mbele ya skrini ili mwalimu aondoke. Mwalimu alibaki darasani. Kilichoongezeka ni wenzake wa kijiji kingine.

Walimu wa shule mbili au tatu hupanga somo pamoja. Watoto huonana na kuzungumza kwa video, wakifanya kazi katika vikundi vyenye watoto wa shule zote. Kisha huandika mawazo yao katika programu iitwayo Knowledge Forum, iliyobuniwa Kanada na watafiti Marlene Scardamalia na Carl Bereiter. Humo mtoto huanza sentensi yake kwa maneno kama “nadharia yangu ni” au “ninahitaji kuelewa”, na mwenzake wa mbali humjibu, humuuliza au humwongezea. Hakuna mbio za kupata jibu sahihi. Wanasaidiana kuliboresha wazo.

Faida nyingine ni kwamba mtoto anaandika akijua kuna mwenzake anayesoma. Asipoeleweka, ataulizwa, na itabidi aeleze upya. Mwalimu naye aliyekuwa peke yake anapata mwenzake wa kushauriana naye.

Na afya ya mtoto je?

Mtoto anahitaji marafiki wa rika lake kama anavyohitaji chakula bora. Hapo mtandao unasaidia, lakini rafiki wa kwenye skrini hachezi naye kombolela. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutoa jasho. Kipindi cha kompyuta kisile muda wa kucheza.

Macho nayo yapumzishwe: kila baada ya dakika 20, mtoto aangalie kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20.

Maswali ya kuuliza shuleni

Huku kwetu tuna shule shikizi, zilizoanzishwa ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu. Siku mkiambiwa kwenye kikao cha wazazi kuwa shule yenu inaunganishwa na nyingine, msiishie kupiga makofi. Ulizeni:

- Mwalimu atakuwepo darasani muda wote?
- Walimu wa shule zote mbili wamepewa muda wa kupanga masomo pamoja?
- Umeme au intaneti ikikatika, somo litaendeleaje?
- Nani anaona wanachoandikiana watoto, na picha zao zinahifadhiwa wapi?
- Watoto watakutana ana kwa ana hata mara moja kwa mwaka?

Usilipuuze hilo la mwisho. Shule mbili zilizo wilaya moja zinaweza kukutanisha watoto hata kwa mechi ya mpira. Mtoto akishamshika mkono yule aliyekuwa akibishana naye kuhusu mvua na mawingu, kipindi kinachofuata ataingia kwa hamu.

Na jioni, badala ya kumuuliza “leo umepata ngapi?”, muulize “mwenzako wa shule ile amesema nini leo, nawe umemjibu nini?” Akikueleza vizuri, ujue amejifunza.