Gia ya Kiwandani Ndani ya Nyonga: Nani Anawasikiliza Mafundi wa Mwembesongo?

Ipo kauli inayorudiwa maofisini, katika warsha na hata katika kumbi zetu za mihadhara: kwamba uvumbuzi wa kitabibu ni mali ya mataifa yenye maabara kubwa na bajeti nono, na kwamba wajibu wetu ni kununua, kupokea msaada na kushukuru. Naipinga kauli hiyo, kwa kuwa historia yenyewe inaikana. Nimechagua kuipinga kwa mfano ambao wengi wangeuona uko mbali kabisa na maisha ya mtaa kama Mwembesongo: upasuaji wa kubadilisha viungo, hasa nyonga na goti.

Tukumbuke kwanza tunazungumzia mateso ya nani. Nyonga ikichakaa, gegedu lililokuwa likiteleza huisha na mfupa husaga mfupa. Mgonjwa hulala na maumivu na kuamka nayo. Hapa kwetu mgonjwa huyo si mzee peke yake. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka, na selimundu ni miongoni mwa maradhi yanayoua kichwa cha fupa la paja kwa kukinyima damu, mara nyingi katika umri wa ujana. Ongeza vijana wanaovunjika katika ajali za bodaboda. Ongeza akina mama walioshusha mikungu ya ndizi kutoka milima ya Uluguru kwa miaka mingi, mzigo kichwani na mteremko mguuni. Hao ndio wenye shauri hili.

Sasa twende Uingereza, katika hospitali ya Wrightington, jimbo la Lancashire, iliyokuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu kabla ya kugeuzwa kituo cha upasuaji wa nyonga. Huko ndiko daktari John Charnley alikobuni nyonga bandia ambayo misingi yake inatumika mpaka leo. Husimuliwa kwamba alianza kulifikiria jambo hili kwa uzito baada ya kumwona mgonjwa aliyewekewa kichwa cha plastiki cha aina iliyobuniwa na ndugu wawili wa Paris, Judet, mwaka 1946. Nyonga ya mtu huyo ililia kila alipoinama mezani, hata mkewe akawa anamkwepa. Wengine walisikia kero ya nyumbani. Charnley alisikia msuguano. Kama kiungo kinalia, alijiuliza, je, hakijipasui taratibu kutoka kwenye mfupa kilimofungwa?

Kuanzia hapo kila hatua yake ilipita katika shughuli za kawaida za watu wa jimbo lile. Alihitaji kitu cha kukishikilia chuma ndani ya mfupa. Alikipata kwa mtaalamu wa vifaa vya meno wa Manchester, Dennis Smith, kwa kuwa unga na majimaji yanayokorogwa kutengeneza meno ya bandia ndiyo yaliyogeuka saruji ya mfupa. Alihitaji hewa safi ndani ya chumba cha upasuaji, kwa sababu usaha ukiingia katika kiungo bandia kazi yote hupotea. Aliyemsaidia ni Howorth, ambaye kampuni yake ilikuwa ikiondoa vumbi katika viwanda vya pamba. Alihitaji kupunguza ukinzani, akachagua kichwa kidogo cha milimita 22 badala ya kikubwa. Kanuni hiyo kila fundi wa mkokoteni anaijua kwa mikono yake: mzigo ukiwa uleule, ekseli nyembamba huzunguka kwa wepesi kuliko nene.

Lakini sura iliyo muhimu kuliko zote ni ya plastiki. Kwa kikombe cha nyonga Charnley alianza na tefloni, ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Iliteleza vizuri sana, wagonjwa wakafurahi, kisha baada ya miaka michache ikalika. Chembe zake zikawasha nyama na kula mifupa. Takriban wagonjwa 300 walikuwa wamewekewa, na ikabidi wengi wafunguliwe upya. Hapo ndipo, mwaka 1962, alipofika hospitalini mchuuzi wa gia za plastiki zilizotumika katika mitambo ya kufumia nguo. Afisa ugavi hakumfukuza. Alimpeleka karakana, kwa fundi Harry Craven. Charnley alipoonyeshwa kipande kile cha polithilini alikibonyeza kwa ukucha wa dole gumba, akakidharau, akaondoka zake. Craven hakukitupa. Bosi alipokuwa safarini, alikifunga kwenye mashine ya majaribio na kuiacha isuguane usiku na mchana. Baada ya wiki tatu kilikuwa kimelika kidogo kuliko tefloni ilivyolika kwa siku moja. Novemba mwaka huohuo polithilini iliingia katika nyonga ya mgonjwa wa kwanza, na hadi leo kizazi chake kiko ndani ya mamilioni ya watu duniani. Mwaka 2007 jarida la The Lancet liliuita upasuaji huo upasuaji wa karne.

Wanafunzi wangu husikia kisa hiki na kusema: Charnley alikuwa mtu wa kipekee. Ni kweli. Hata hivyo, siku ile mtu wa kipekee alikosea, na aliyeokoa kazi ni fundi wa karakana asiye na shahada ya udaktari. Viliokoa vitu vitatu: afisa ugavi aliyefungua mlango, karakana iliyokuwa ndani ya hospitali, na fundi aliyekuwa na nafasi ya kujaribu kitu ambacho mkubwa wake amekikataa. Nauliza kwa dhati: katika ofisi zetu za umma, ni kipi kati ya hivyo vitatu tunacho?

Mtu anayefika kwenye hospitali yetu ya kawaida akiwa na kipande cha plastiki mkononi ataulizwa barua ya utambulisho, namba ya mlipakodi, na kama amesajiliwa katika mfumo wa manunuzi. Akivuka hapo ataambiwa mhusika yuko kwenye semina, na semina hiyo, bila shaka, itakuwa inahusu ubunifu.

Msidhani kuwa hoja yangu ni ya Ulaya peke yake. Burma, kuanzia mwaka 1960, daktari San Baw wa Mandalay alikuwa na wagonjwa waliovunjika shingo ya fupa la paja na hakuwa na fedha za vyuma vya kigeni. Katika nchi yake kulikuwa na tembo na kulikuwa na wachongaji wa pembe. Aliwachongea wagonjwa wake vichwa vya nyonga kwa pembe za ndovu, akawapandikiza zaidi ya 300, na mwaka 1969 akawasilisha matokeo yake mbele ya madaktari wa mifupa wa Uingereza. India, mwaka 1968, daktari P. K. Sethi na fundi mchongaji Ram Chandra Sharma walitengeneza mguu bandia wa Jaipur kwa mpira uliochomwa kwa ufundi wa mafundi wa matairi. Mguu ule ulimwezesha mkulima kutembea peku shambani, kuchuchumaa na kukunja miguu sakafuni. Miguu ya Ulaya ilitaka kiatu na kiti.

Kuhusu pembe, sisi watu wa Morogoro tuna neno la kusema. Njia ya misafara ilipita hapahapa, kando ya Simbamwene, ngome ya Kisabengo, ikielekea Bagamoyo. Pembe zilibebwa mabegani mwa watu, zikavunja viungo vyao, zikaenda kuwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi. Leo ndovu tunamlinda, na ni sawa tumlinde. Ninachosema ni kwamba mali ghafi haikuwahi kukosekana. Kilichokosekana ni haki ya kuifikiria.

Wala viwanda havikukosekana. Kama Lancashire ilikuwa na viwanda vya nguo, Morogoro nayo ilipewa viwanda vya nguo, turubai, ngozi na viatu. Kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ndicho somo letu chungu. Kilikusudiwa kuuza viatu Ulaya, kikajengwa kwa kuta za alumini zisizopitisha hewa katika mji wa joto, hakikuwahi kukaribia uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Wachoraji wake hawakumuuliza mtu aliyekuwa akiishi hapa jua la Februari lina tabia gani. Kiwanda cha namna hiyo hakizai fundi Craven, kwa sababu hakina mazungumzo na mtaa unaokizunguka.

Mfano wa faraja uko katika mji huuhuu. Panya buku, ambaye mkulima wa Uluguru anamjua kama mwizi wa mahindi na karanga, tangu mwaka 2000 anafunzwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu. Wazo lilitoka kwa Mbelgiji Bart Weetjens, aliyefuga wanyama wa jamii ya panya alipokuwa mtoto. Nampongeza. Ila najiuliza ni watoto wangapi wa Morogoro waliomjua panya huyu kuliko yeye, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwauliza wanajua nini.

Turudi kwenye nyonga, maana hapa ndipo penye jeraha. Kila kifaa hubeba ndani yake maisha ya mtu aliyekusudiwa. Mgonjwa aliyebadilishwa nyonga huagizwa, kwa miezi ya mwanzo, asikunje paja kupita nyuzi 90, asiketi pa chini, asikunje miguu, na atumie choo kilichoinuliwa. Goti bandia la kawaida mara nyingi hukomea kwenye nyuzi 110 hadi 120, ilhali kuchuchumaa kikamilifu hudai karibu 150. Sasa mpelekee maagizo hayo mama wa Mwembesongo. Choo chake ni cha kuchuchumaa. Jiko lake la mkaa liko chini, mbuzi yake ya nazi iko chini, mkeka wake uko chini. Kama ni Mwislamu, sijda yake iko chini. Maagizo yale yanamtaka ahame maisha yake yote, na akishindwa tutaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakufuata masharti. Mimi nasema masharti ndiyo hayakumfuata mgonjwa.

Nimeshasikia jibu: je, unataka fundi gereji atengeneze nyonga za watu? Hapana. Tefloni ilitufundisha bei ya haraka, na ilifanywa na bingwa. Kinachoingia mwilini lazima kipite Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kipimwe kwa miaka, na kisiachiwe mtu mwenye shauku tu. Lakini kati ya karakana na mwili wa mgonjwa kuna safari ndefu ambayo hatujaigusa: mashine za kupimia uchakavu, vifaa vya mkononi vya upasuaji, magongo, viti vya kuwekwa juu ya choo cha shimo, majiko ya kupikia ukiwa umesimama. Uganda, madaktari wa Mulago wakishirikiana na wahandisi wa Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada walianza na drili ya kawaida ya kutobolea mbao na kuibunia mfuko wa kitambaa unaoweza kuchemshwa na kutakaswa, ili itumike katika upasuaji wa mifupa kwa usalama. Malawi ilianzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005, likiandika nani amewekewa nini na kimedumu vipi. Hizi si nchi tajiri kuliko yetu.

Kwa hiyo nataja ninayoyadai, ili nisionekane mlalamishi. Nanyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, haya yako ndani ya mamlaka yenu. Tuna Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, tuna kituo cha kufundishia mafundi wa viungo bandia pale KCMC Moshi tangu 1981, tuna SIDO, TEMDO na COSTECH. Kila mmoja amefungiwa katika wizara yake na hawana meza moja. Wekeni meza hiyo. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na karakana yenye fundi mwenye cheo, mshahara na ruhusa ya kujaribu. Kila kiungo bandia kinachowekwa nchini kiandikwe kwenye daftari moja la taifa. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 isitekelezwe kana kwamba maumivu ya nyonga ni anasa ya wazee.

Nanyi wanafunzi wa uhandisi na udaktari, tokeni bwenini. Nendeni mkakae kwenye kibanda cha fundi baiskeli wa Mwembesongo asubuhi moja. Mwangalieni anavyosikiliza beringi inayolia, anavyojua kwa sikio kama inataka grisi au imekwisha, anavyokata mpira wa tairi kuziba pengo ambalo kitabu hakikulitaja. Ujuzi huo ni ndugu wa ule uliomfanya Charnley aisikie nyonga ikilia mezani. Wanaharakati nao waache kuidai afya kana kwamba ni sanduku la dawa peke yake. Waidai pia kama haki ya mtu wa chini kuulizwa anaishije kabla kifaa chake hakijachorwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja wengi, na vifaa vyao tumevipokea. Ili mwenyeji apone, sharti naye aulizwe kinamuuma wapi na anakaaje akiwa kwake. Nyonga za vijana wetu wenye selimundu zinasagika usiku huu. Mchuuzi mwenye kipande cha plastiki mkononi huenda kesho akawa getini. Mwelekezeni mlinzi wenu amfungulie.