MOTOKAA IVUTAYO UPANDE MMOJA



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya nyumba: malezi, matumizi, afya na ujirani mwema. Mwezi huu twataka kusema juu ya motokaa, kwa kuwa nayo siku hizi imekuwa sehemu ya nyumba. Ndiyo impelekayo mtoto shule, ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali, na ndiyo ituchukuayo kwenda kuzika. Jambo tutakalolieleza ni ila moja tu: gari ambalo, dereva akanyagapo breki, haliendi moja kwa moja bali huvuta kushoto au kulia.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Sisi twakaa upande wa Ilboru, ambako njia zateremka kutoka miguuni mwa Mlima Meru hata mjini Arusha. Kwa muda wa miezi miwili hivi tuliona kuwa kila tukikanyaga breki, gari lavuta kushoto. Tulilipeleka kwa fundi mmoja, naye akabadili pedi za gurudumu la mbele la kushoto peke yake, akapokea ujira wake, na gari likavuta kama zamani. Hatukurudi tena. Tulijifunza kuushika usukani kwa nguvu na kuupeleka kidogo kulia, na mkono ukazoea hata tukasahau kwamba kuna ila.

Asubuhi moja kijana wetu, ambaye ana leseni yake, aliomba gari ampeleke mama yake sokoni Tengeru. Tukampa ufunguo wala hatukumwambia neno. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Njiani pikipiki ikamkatia mbele ghafula, akakanyaga breki kwa nguvu, na gari likakimbilia kushoto hata likatoka barabarani. Lilisimama hatua mbili tu kutoka kwa mtoto aliyekuwa akienda shule kwa miguu. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Lakini kijana aliporudi nyumbani alikaa kitako kimya, kisha akatuuliza kwa adabu, "Baba, kumbe ulikuwa unajua?"

Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu twaandika makala haya.

Mtu aliyezoea ila ya gari lake hajaiondoa. Ameificha ndani ya mkono wake. Siku atakapoendesha mwingine, au njia itakapokuwa na utelezi, au itakapopasa kusimama ghafula, ila ile itatokea kwa nguvu zake zote. Katika nchi yetu twaendesha upande wa kushoto. Gari livutalo kushoto lawaelekea waendao kwa miguu, na livutalo kulia laelekea magari yajayo mbele. Hakuna upande wenye salama.

Sasa na tueleze namna ya kuitafuta ila hiyo. Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: mara nyingi gari huvuta kuelekea upande ambao breki yake inashika zaidi. Tazama watu wawili wauzuiao mkokoteni kwa kamba kwenye mteremko, mmoja nyuma kushoto na mmoja nyuma kulia. Wa kulia akilegea, upande wa kushoto hubaki nyuma, na mkokoteni hugeukia kushoto. Basi gari likivuta kushoto, usikimbilie kuulaumu upande wa kushoto. Huenda huo ndio ufanyao kazi yake, na mgonjwa ni wa kulia. Hapo ndipo tulipokosea sisi na fundi wetu.

Kabla ya kufungua kitu chochote, anza na lililo rahisi. Pima upepo wa matairi asubuhi, yakiwa yangali baridi, na utazame kama matairi mawili ya mbele ni ya aina moja na yamelika sawasawa. Tairi lenye upepo mdogo latosha kulivuta gari. Kisha tafuta mahali tambarare pasipo watu wala magari, uende mwendo mdogo, na ukanyage breki polepole huku mikono ikiwa myepesi juu ya usukani. Usijaribu kwenye barabara iliyoinama, kwani barabara nyingi huinamishwa pembeni ili maji ya mvua yateremke, na gari zima huweza kufuata mwinamo huo. Likivuta hata usipokanyaga breki, huenda ila iko katika matairi au katika ulinganifu wa magurudumu, au breki moja imeng'ang'ania haiachii. Likivuta wakati wa breki tu, elekeza macho kwenye breki zenyewe na mipira ya miguu ya gari.

Kipimo cha pili ni joto. Baada ya kwenda kitambo na kukanyaga breki mara kadhaa, simama mahali pa salama, ukaribishe kiganja kwenye kila gurudumu la mbele. Usiguse chuma, kwani chaweza kukuunguza. Gurudumu lililo baridi kuliko mwenzake halikufanya kazi yake. Lililo moto sana, hali hukutumia breki nyingi, ni lile ambalo breki yake haiachii. Kwetu sisi gurudumu la kushoto lilikuwa moto na la kulia lilikuwa karibu baridi. Laiti tungalifanya hivyo siku ya kwanza!

Yafuatayo ni kazi ya fundi, lakini mwenye gari akiyajua hawezi kudanganywa. Fundi aliinue gari kwa jeki na kuliweka juu ya vyuma vya kulishikilia, si juu ya jeki peke yake, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine ajaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono. Lizungukalo hali breki imekanyagwa ndilo lenye ila. Hapo fundi afungue kidogo ile nipuli ya kutolea upepo, huku breki ikikanyagwa. Mafuta yakitoka kwa nguvu, njia ni wazi, na ila iko katika kalipa, yaani chuma kile kibanacho pedi: ama pistoni yake imekwama kwa kutu, ama pini zake zimekauka kwa vumbi na matope. Mafuta yakidondoka kwa unyonge, hali upande wa pili yaruka, basi mpira uyaletao umeziba kwa ndani. Mpira wa breki uliozeeka huweza kuonekana mzima kwa nje na ndani umekwisha kuvimba.

Kama breki imeng'ang'ania, kipimo ni hicho hicho kwa kinyume. Gurudumu likikataa kuzunguka baada ya mguu kutoka kwenye breki, ifunguliwe nipuli. Likilegea papo hapo, mafuta yalikuwa yamefungiwa, na mpira ndio wa kwanza kushukiwa. Lisipolegea, tazama pistoni na pini.

Ziko sababu nyingine. Grisi au mafuta yakiingia kwenye pedi, upande huo huteleza; pedi hizo zitupwe, na mvujo utafutwe kwanza, la sivyo na mpya zitaharibika. Magurudumu ya nyuma yenye dramu nayo yatazamwe kama yamerekebishwa sawa. Bushi za miguu ya mbele zikilika, gurudumu hurudi nyuma breki ikikanyagwa na gari hubadili mwelekeo. Nani asiyejua mashimo ya njia zetu za vijijini yafanyavyo! Tena katika magari mengi madogo breki zimegawanywa njia mbili zikatanazo, gurudumu moja la mbele na la nyuma la upande wa pili. Njia moja ikikatika, gari huvuta, pedali hushuka chini kuliko desturi, na taa ya onyo huweza kuwaka. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata kidogo. Livutwe mpaka gereji.

Twawausia mambo matatu katika matengenezo. Pedi zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, za kushoto na za kulia, ziwe za aina moja. Pili, katika chombo cha mafuta ya breki yasitiwe mafuta ya injini kwa hali yoyote, kwani huvimbisha mipira yote na kuiharibu. Tatu, mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa. Yakiwa na maji huchemka upesi katika mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Karatu kushukia Mto wa Mbu, na pedali hulegea kama sifongo. Mteremko kama huo ushukwe kwa gia ndogo.

Wasomaji wetu wa Arusha hawakusahau tarehe 24 Februari 2024. Siku hiyo, hapo Ngaramtoni katika barabara iendayo Namanga, lori lililoelezwa kuwa lilishindwa breki liliyagonga magari mengine, na watu 25 wakafariki dunia. Hatusemi ya kwamba ila yake ilikuwa kama hii yetu. Twasema tu kwamba breki si jambo la kungojea mwisho wa mwezi.

Nasi tulifanyaje? Tulikwenda kwa fundi mwingine. Ule mpira wa kulia ulikuwa umeziba. Tukabadili yote miwili ya mbele na mafuta yote, na gari likasimama moja kwa moja. Gharama haikuzidi sana ile tuliyokwisha kuitupa kwa pedi tusizozihitaji.

Lakini lililobaki moyoni si la gharama. Kumwazima mtu gari lenye ila uijuayo bila ya kumwambia ni hiana katika amana, na kumwuzia ni hiana kubwa zaidi, kwa maana mwuzaji amepasiwa kuibainisha ila ya bidhaa yake. Tawakali ni njema, lakini yule aliyefundishwa kumtegemea Mungu aliambiwa kwanza amfunge ngamia wake.

Jioni ile tulimwita kijana tukamwomba radhi. Akasema, "Yamekwisha, baba." Kisha akachukua kalamu akaandika katika daftari dogo la gari tarehe, kazi iliyofanywa, na maneno haya: ila yoyote itakayoonekana iandikwe hapa kabla ufunguo haujatolewa. Daftari hilo li ndani ya gari hata leo. Twaliona kuwa jambo jema kwa kila nyumba yenye motokaa.