Uliza Maji Kwanza, Ndipo Uchague Pwani



Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa rafiki yangu mmoja, mkulima wa chai kule Kisii, ambaye tulisoma naye darasa moja. Aniarifu ya kwamba fedha za bonasi ya chai zimelipwa, na safari hii ameazimia kutimiza ahadi aliyowapa watoto wake wanne zamani, yaani kuwaleta Mombasa waione bahari. Atakuja pia na baba yake, mzee aliyepita miaka 70, ambaye tangu azaliwe hajapata kuona maji makubwa kuliko ya Ziwa Victoria. “Wewe sasa ni mwenyeji wa huko,” aniandikia. “Tuna siku tatu tu. Tafadhali tuchagulie pwani iliyo nzuri kuliko zote.”

Swali hili ni jepesi kuuliza, lakini jibu lake lataka fikira. Nimeona yafaa nimjibu hapa mbele yenu, kwa kuwa wako wengi wa bara wanaojiuliza lilo hilo kila Desemba inapokaribia. Tena mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili, nami sitaona haya kulieleza.

Mwaka wa pili baada ya kuhamishiwa kazi Mombasa, shemeji yangu alikuja kunitembelea pamoja na mwanawe wa miaka tisa. Kwa kuwa nilipenda kuonekana mwenyeji, sikumwuliza mtu ye yote neno. Niliwachukua asubuhi tukaenda Nyali. Tulipofika, bahari ilikuwa imekwenda zake mbali, na mchanga umebaki mtupu na vidimbwi huku na huku. Shemeji akacheka akasema, “Kumbe bahari yenyewe ndiyo hii? Hata mtoto aweza kuivuka.” Wakavua viatu, wakatembea kuelekea mwambani wakitazama samaki wadogo vidimbwini. Mimi nilikaa kivulini nikisoma gazeti langu.

Yapata saa sita nilipoinua macho, maji yalikuwa yanarudi. Hayakurudi kwa kishindo. Yaliingia kimya kimya, tena yalianza kujaza bonde lililo karibu na ufuo, nyuma ya migongo yao, wakati wao wenyewe wangali wamesimama juu ya mchanga mkavu. Walipotaka kurudi, maji ya bonde lile yalimfika shemeji kifuani, na mkondo ulikuwa ukimvuta. Akampandisha mtoto mabegani, akasimama akipiga kelele. Katika sisi watatu hapakuwa na hata mmoja ajuaye kuogelea. Kwa neema ya Mungu mvuvi mmoja mzee alikuwa akipita na mtumbwi wake, akawapakia wote wawili na kuwaleta kwangu salama.

Mzee yule hakutukemea. Aliniuliza tu, “Mwanangu, leo mwezi ngapi?” Nikamtajia tarehe kama ilivyoandikwa katika kalenda ya ofisini. Akatikisa kichwa. “Sikukuuliza hiyo,” akasema. “Nakuuliza mwezi wa mbinguni.”

Siku ile nilijua ya kuwa nimekaa Mombasa miaka miwili bila kuifahamu saa ya bahari. Nimeuliza sana tangu siku ile, na haya ndiyo niliyoyapata.

Maji ya bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku. Kutoka kujaa hata kupwa ni muda wa saa sita na kitu, na kila siku saa ya kujaa huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, yaani maji makubwa. Wakati huo tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu huwa maji mafu, na tofauti yake ni ndogo, kama mita moja hivi. Hapa Mombasa, katika siku za bamvua, maji hupwa sana yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi alasiri. Katika siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yakajaa yapata saa nne asubuhi na kupwa alasiri. Basi mtu aliyeutazama mwezi usiku aweza kukisia hali ya pwani asubuhi, kabla hajapanda matatu.

Upepo nao una majira yake. Tangu Novemba hata Machi huvuma kaskazi, na tangu Aprili hata Septemba huvuma kusi. Wakati wa kusi bahari huchafuka zaidi, na mvua kubwa za pwani hunyesha Aprili na Mei. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo hafanyi vibaya kuja wakati wa kaskazi, ingawa jua huwa kali.

Sasa natutazame pwani zenyewe. Mgeni lazima ajue kwanza ya kuwa Mombasa ni kisiwa, na kisiwa chenyewe hakina ufuo mwingi wa kuoga. Mahali pajulikanapo zaidi ni Mama Ngina, karibu na mlango wa bandari ya Kilindini. Hapo palitengenezwa upya, na Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka 2019 ilifanyiwa hapo. Kuna mibuyu mikubwa, upepo mwanana, madafu na mihogo ya kukaanga, na mtu huziona meli kubwa zikipita karibu naye. Lakini ukingo wake ni majabali, na maji yake ni ya kina na yana mkondo. Ni mahali pa kukaa na kutazama. Si mahali pa kuoga.

Ukivuka daraja la Nyali kwenda kaskazini utapata Nyali, kisha Bamburi, kisha Shanzu. Ng’ambo ya pwani hizi uko mwamba wa matumbawe ambao huvunja mawimbi ya bahari kuu, ndiyo maana maji ya ndani huwa matulivu. Sehemu ya bahari hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1986, na mgeni aweza kukodi mashua akaone samaki wa rangi nyingi. Haifai kung’oa matumbawe wala kuyakanyaga. Huko Bamburi ndiko iliko pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, ambayo wengi huiita Pirates. Matatu za mjini hufika karibu nayo, vyakula vya bei nafuu vipo, na watoto hukodiwa mipira ya tairi na kupandishwa ngamia. Aibu yake ni msongamano. Siku ya Krismasi na siku inayofuata, na vile vile sikukuu za Idi, watu hujaa hata mchanga usionekane, na mtoto hupotea kwa kufumba na kufumbua.

Upande wa kusini, ukivuka kwa feri ya Likoni, ambako waendao kwa miguu hawatozwi cho chote, utakuta Shelly, pwani ndogo iliyo karibu. Ukiendelea utafika Tiwi, ambako watu si wengi, na kisha Diani katika jimbo la Kwale. Diani ni mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka kivukoni. Mchanga wake ni mweupe na laini kama unga, na sifa zake zimefika nchi za mbali. Uzuri wake siukani. Lakini mwenye siku tatu, watoto wanne na mzee, akizihesabu saa za kungoja feri na za njiani kwenda na kurudi, ataona kwamba sehemu kubwa ya siku yake imemalizikia katika gari.

Liko jambo jingine ambalo huwatia hofu watu wa bara. Wengi wakiona ufuo wenye hoteli kubwa hurudi nyuma, wakidhani ya kuwa mchanga wote ni mali ya hoteli ile. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mkulima na karani wana haki ya kutembea hapo sawasawa na mgeni aliyetoka Ulaya kwa ndege. Lakini kiwanja kilicho juu ya alama hiyo chaweza kuwa na mwenyewe, kwa hiyo pita katika njia ya umma, usiruke ua wa mtu. Nasikitika kusema kwamba njia nyingine za zamani zimezibwa kwa kuta, hata wavuvi wakalazimika kuzunguka mbali. Ni jambo ambalo viongozi wetu yawapasa kulitazama.

Basi, rafiki yangu, jibu lako ni hili. Siku ulizonitajia zaangukia mwezi ukiwa nusu, nayo ni bahati njema, kwa kuwa yatakuwa maji mafu. Siku ya kwanza, mtakapokuwa mmechoka na safari ya gari moshi, mpeleke mzee Mama Ngina jioni. Mkalishe mahali penye upepo, mpe dafu, azitazame meli. Siku ya pili, ambayo ni Jumanne na si sikukuu, nendeni Bamburi mapema. Maji yatakuwa yamejaa yapata saa nne, wala hapatakuwa na mchanga mtupu wa kuwavuta watoto waende mbali. Wavalishe viatu vya plastiki, maana kuna wadudu wa bahari wenye miiba. Uliza waokoaji wako wapi. Maji yasipite magoti ya aliye mdogo kuliko wote, na mtu mzima asimame upande wa bahari, watoto wawe baina yake na nchi kavu. Ikifika saa sita, rudini kivulini. Siku ya tatu vukeni feri ya Likoni, mkaone Shelly na kurudi, kisha mpite Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Diani itawangoja hata mwaka mwingine.

Uliniuliza pwani iliyo nzuri kuliko zote. Mimi nakuchagulia ile ambayo mtarudi kutoka kwake watu sita kama mlivyokwenda sita. Mkifika, kabla mtoto hajavua viatu, mtafute mvuvi au muuza madafu, umwamkie kwa heshima, umwulize, “Maji yajaa au yapwa?” Hatakucheka. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu mimi, niliyekaa kivulini na gazeti, na maji yakipita nyuma ya mtoto wa watu.

Mke wangu amekwisha kununua mchele, na chumba cha mzee ki tayari.

Wasalaam, hadi juma lijalo.