Kitanda cha dola 400: Nyasa na Mbinga zitabaki na nini?

Wiki hii tunaziweka kando bei za mahindi na kahawa ili tuitazame bidhaa ambayo Mkoa wa Ruvuma bado haujaiuza ipasavyo. Bidhaa hiyo ni usiku mmoja katika kambi ndogo ya kifahari kando ya mto.

Msomaji asiyeijua biashara hii aelewe kwanza inavyoendeshwa. Kambi ya aina hiyo haina ghorofa wala ukumbi wa mikutano. Ina mahema manane, kumi au kumi na mawili, kila moja na kitanda kikubwa, bafu la maji moto na kibaraza kinachotazama mto. Mgeni huletewa chai kabla jua halijachomoza, hupanda boti kwenda kutazama viboko, mamba na ndege, na hutembea porini akisindikizwa na askari mwenye bunduki. Usiku hula chakula kizuri chini ya nyota, kisha hulala akisikiliza maji. Kwa utulivu huo hulipa mamia ya dola kwa usiku mmoja bila kunung'unika. Kambi za kando ya Mto Rufiji, katika eneo la Selous ambalo sehemu yake imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019, zimeishi kwa biashara hii kwa miongo kadhaa.

Ruvuma ina malighafi. Mto Ruhuhu unaingia Ziwa Nyasa karibu na Lituhi. Mto Ruvuma unapita Mitomoni, na Pori la Akiba la Liparamba lipo katika wilaya hiyo hiyo ya Nyasa. Ziwa lenyewe lina maji maangavu na mamia ya aina za samaki wa rangi wasiopatikana kwingine duniani. Pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, ndipo meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia Hermann von Wissmann mwezi Agosti 1914, katika siku za mwanzo kabisa za Vita Kuu ya Kwanza. Mgeni anaweza kulala siku mbili mtoni akitazama wanyama na siku tatu ufukweni akiogelea. Mchanganyiko huo unauzika.

Wenzetu wameshauona. Kaya Mawa katika kisiwa cha Likoma, Malawi, na Nkwichi upande wa Msumbiji zimejijengea jina kwa watalii wa Ulaya kwa kuuza maji haya haya tunayooga sisi. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895 mwaka 2024, lakini wengi huishia Kaskazini na Zanzibar.

Kisingizio cha barabara nacho kimepungua nguvu. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga kiliwekwa lami kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, na kilomita 66 za Mbinga hadi Mbamba Bay zikafuata. Songea inapokea ndege za abiria, na Mbamba Bay serikali imeanzisha ujenzi wa bandari mpya. Kwa mantiki hiyo, mwekezaji wa kambi atakuja. Swali ni wilaya zitabaki na nini akishakuja, na hapo ndipo wasiwasi wa mwandishi huyu ulipo.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuchukue kambi ya mahema 10, yaani vitanda 20. Kwa kuwa kambi nyingi za kusini hufungwa wakati wa masika, tuseme inafanya kazi siku 270 kwa mwaka na vitanda vinajaa nusu tu. Hizo ni siku-wageni 2,700. Kila mgeni akilipa dola 400 kwa siku, mauzo ni dola 1,080,000. Kwa kukadiria dola moja kwa Sh2,500, hizo ni Sh2.7 bilioni.

Katika fedha hizo, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huduma za utalii zinatozwa tangu Julai 2016, inakwenda Hazina. Ushuru wa huduma wa halmashauri kisheria hauzidi asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa mfano wetu huo hauzidi Sh8.1 milioni kwa mwaka. Madiwani wanaosubiri kambi ya kifahari ijenge zahanati kwa ushuru watasubiri sana.

Sasa tutazame upande mwingine wa daftari. Kambi hiyo ikiajiri watu 30 kwa wastani wa Sh350,000 kwa mwezi, mishahara ya mwaka ni Sh126 milioni, zaidi ya mara 15 ya ushuru. Jikoni, tukikadiria chakula cha Sh30,000 kwa mgeni kwa siku, manunuzi ni Sh81 milioni, mara 10 ya ushuru. Na kama kijiji kilichotoa eneo kitakubaliana na mwekezaji kulipwa dola 10 tu kwa kila mgeni kwa kila usiku, kitapata Sh67.5 milioni. Kwa maneno mengine, utajiri wa kambi kwa wenyeji uko katika ajira, kapu la jikoni na mkataba wa ardhi. Hayo matatu hayaji yenyewe.

Mpishi na mwongozaji wakitoka Arusha, nyama na mboga zikitoka Dar es Salaam, na ardhi ikitolewa kwa fidia ya mara moja, Nyasa itabaki na kazi ya kufagia na kulinda geti. Kambi itakuwa Nyasa kwenye ramani tu, fedha zake zitakuwa kwingine.

Ikumbukwe kwamba Mbinga nayo ina hisa katika jambo hili. Tangu Wilaya ya Nyasa imegwe kutoka Mbinga mwaka 2012, wapo wanaodhani kwamba Mbinga ilipoteza utalii pamoja na ufukwe. Sivyo. Milima ya Wamatengo yenye kilimo cha ngoro ndiyo shamba la jikoni la ufukwe huo. Samaki watoke Nyasa: mbasa, magege na dagaa. Mboga, maharage, viazi na kahawa vishuke kutoka Mbinga, mwendo wa saa chache tu. Ni aibu ya kibiashara kwamba katika mji unaotoa kahawa ya arabika inayogombewa na wanunuzi wa nje, mgeni katika nyumba ya kulala wageni bado huletewa kahawa ya unga wa kopo. Kikundi kitakachokaanga na kufungasha kahawa ya Mbinga kwa ubora usioyumba kitakuwa na mteja hata kabla ya kambi ya kwanza kufunguliwa.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nguvu asiyoitumia. Eneo lisilozidi hekta 250 haliwezi kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Kambi ya mahema 10 haihitaji hata sehemu ndogo ya ukubwa huo. Kwa hiyo wenye kauli ni wanakijiji, na wakati wa kuitumia ni kabla ya kupiga kura, kwa sababu ardhi ikishahamishwa kijiji hakina tena cha kujadiliana nacho. Ololosokwan kule Loliondo walionyesha njia mwishoni mwa miaka ya 1990, pale kijiji kilipoingia mkataba wa kulipwa pango na ada za wageni na mwendeshaji wa kambi.

Pia, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa ziwa. Isimamiwe kwa kila mtu, mwenye dola na asiye nayo. Mita hizo ndizo njia ya mvuvi kufika mwaloni, na kambi itakayomfungia mvuvi njia haitakaa kwa amani.

Wapo watakaosema masharti haya yatamfukuza mwekezaji. Hapana. Ada ya dola 10 ni asilimia 2.5 ya bei ya kitanda katika mfano wetu, na mfanyabiashara makini anajua kwamba kijiji chenye maslahi ndicho mlinzi wa bei nafuu kuliko wote.

Halmashauri za Nyasa na Mbinga zianze na mambo mawili ambayo hayahitaji mfadhili. Kwanza, ziandae kwa pamoja mkataba wa mfano, kwa Kiswahili, ambao kijiji chochote kitauweka mezani mwekezaji akija. Pili, zilipie vijana 10 kila mwaka wakasomee upishi, uongozaji watalii na huduma za hoteli katika Chuo cha Taifa cha Utalii. Kambi ikifunguliwa bila hao, nafasi zenye mshahara mzuri zitajazwa na wengine, na hakutakuwa na wa kulaumiwa ila sisi wenyewe.